Maharage, Dona, Ndizi Mbichi au Isapgoli: Kuchagua Nyuzinyuzi kwa Kazi Unayotaka Zifanye Tumboni

Mtu anayekwenda kliniki akilalamikia choo kigumu, sukari inayopanda au tumbo linalojaa gesi, mara nyingi huambiwa aongeze nyuzinyuzi katika chakula chake. Ushauri huo ni sahihi, lakini haujakamilika, kwa sababu nyuzinyuzi za maharage, za pumba za mahindi, za ndizi mbichi na za isapgoli, yaani maganda ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa, hazifanyi kazi moja zikifika tumboni. Baadhi hulisha bakteria wa utumbo, baadhi hushika maji na kulainisha choo bila kuwalisha bakteria hao kwa kiasi kikubwa, na baadhi huweza hata kuongeza maumivu kwa mtu ambaye tumbo lake tayari lina tatizo. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua chakula chake sokoni na anayetaka kujua aanze na kipi.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kama lengo ni afya ya utumbo kwa muda mrefu, fedha ya kwanza iende kwenye vyakula vya jamii ya kunde, yaani maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu, kabla ya dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, na kabla ya chochote kinachouzwa kwenye kopo. Lakini kama shida ni choo kigumu kinachotesa leo, jibu ni jingine, na kwa mwenye tumbo linalouma na kujaa mara kwa mara jibu linabadilika tena.

Kinachotokea chakula kikishapita tumbo

Nyuzinyuzi ni sehemu za mimea ambazo vimeng'enya vya mwanadamu haviwezi kuzivunja. Hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba zikiwa karibu kama zilivyoliwa, hadi zinapofika kwenye utumbo mpana, wanakoishi bakteria kwa matrilioni. Kuanzia hapo kinachoamua ni mambo matatu: kama nyuzinyuzi hizo zinayeyuka katika maji, kama zinatengeneza ute mzito, na kama bakteria wanaweza kuzichachusha. Mambo hayo matatu hayaendi pamoja daima, na ndiyo maana gramu 10 za aina moja haziwezi kuhesabiwa kuwa sawa na gramu 10 za aina nyingine.

Bakteria wanapozichachusha hutoa gesi, na pia hutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, ambazo kuu ni asetati, propionati na butirati. Butirati inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana hupata kutoka kwayo takriban asilimia 70 ya nishati zinazohitaji. Asidi hizi pia hufanya mazingira ya utumbo mpana yawe machachu kidogo, hali ambayo vimelea vingi vya maradhi haviipendi. Nyuzinyuzi zikikosekana, bakteria hawakai kimya wakisubiri. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2016, panya walionyimwa nyuzinyuzi walionekana bakteria wao wakigeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo na kuula, ute huo ukawa mwembamba, na panya hao wakashambuliwa kwa urahisi zaidi na bakteria wa maradhi waliopewa. Binadamu si panya, lakini mfano huo unaonyesha kwamba kukosa nyuzinyuzi kuna gharama zaidi ya choo kuchelewa.

Sehemu kubwa ya elimu hii ilianzia katika ukanda wetu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946, kwanza Lira na baadaye katika Hospitali ya Mulago, aliona kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa wanavijiji aliowatibu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilichukua takriban saa 36 kupita mwilini, na choo cha siku kilikuwa na uzito wa takriban gramu 470, ilhali kwa Waingereza wa jeshi la majini na wake zao muda ulikuwa kama saa 83 na uzito gramu 104. Vipimo hivyo peke yake havithibitishi kwamba tofauti yote ilitokana na chakula. Hata hivyo, viliwafanya watafiti waanze kuuliza maswali sahihi.

Jibu lenye nguvu zaidi lilikuja mwaka 2015, pale watafiti walipowabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Wamarekani walipandishwa kutoka takriban gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi gramu 55, huku mafuta yakipunguzwa. Waafrika Kusini wakashushwa kutoka takriban gramu 66 hadi 12, huku mafuta na nyama vikiongezwa. Katika wiki hizo mbili tu, butirati iliongezeka mara mbili na nusu kwa Wamarekani na ikapungua kwa nusu kwa Waafrika Kusini, na dalili za uvimbe wa uchochezi (si uvimbe wa saratani) katika ukuta wa utumbo zikapungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika Kusini. Mwaka 2025 utafiti mwingine uliwahusisha vijana wa kiume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili kwenda chakula cha soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili walionekana damu yao ikiwa na dalili zaidi za uvimbe, na waliohamishwa kinyume chake dalili hizo zikapungua. Katika tafiti zote mbili kilichobadilishwa ni sahani nzima, kwa hiyo sifa yote haiwezi kupewa nyuzinyuzi peke yake, lakini wiki mbili ni muda mfupi kiasi kwamba mtu yeyote anaweza kujaribu.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linapendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 10 na zaidi, gramu 21 kwa watoto wa miaka 6 hadi 9, na gramu 15 kwa wa miaka 2 hadi 5, zote zitokane na chakula chenyewe. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa walaji wa nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na walaji wa chache, walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 15 hadi 30 ya kufa mapema, kupata maradhi ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana, na kwamba faida ilionekana vizuri zaidi kati ya gramu 25 na 29 kwa siku.

Jamii ya kunde

Maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu zilizopikwa zina takriban gramu 6 hadi 9 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100. Hakuna chakula kingine cha kawaida cha nyumbani kinachozifikia kwa bei ile ile, na ndani ya punje moja zimo aina kadhaa kwa pamoja: ganda lenye nyuzinyuzi zisizoyeyuka, nyama ya ndani yenye nyuzinyuzi zinazoyeyuka, wanga sugu usiomeng'enywa, na sukari za mnyororo mfupi kama rafinosi na stakiosi, ambazo bakteria huzichachusha kwa haraka sana. Kwa hiyo bakteria wa aina nyingi hupata chao kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo sababu yangu kuu ya kuzitanguliza.

Watu wengi hukataa maharage kwa sababu ya gesi, na malalamiko hayo ni ya kweli. Hutokana hasa na rafinosi na stakiosi, na sehemu yake inaweza kuondolewa jikoni. Maharage yalowekwe usiku kucha kwenye maji mengi, mara tatu ya ujazo wake au zaidi. Asubuhi maji yatakuwa yamebadilika rangi na kuwa na povu juu, na maji hayo yamwagwe yote, maharage yasuuzwe, ndipo yabandikwe kwa maji mapya. Maji ya kwanza yakishachemka unaweza kuyamwaga tena kama tumbo lako ni jepesi. Magadi huharakisha kuiva, lakini huharibu sehemu ya vitamini B1, hivyo kwa aliyeloweka vizuri hayana ulazima. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya moto kupunguzwa, kwa sababu yakiwa mabichi au nusu mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuhara.

Jambo la pili ni kiasi na muda. Aliyekuwa hali maharage kabisa, kisha akala bakuli zima, lazima tumbo lijae, na mara nyingi huhitimisha kuwa maharage hayamfai. Akianza na vijiko vitatu au vinne kwa siku na kuongeza kila wiki, gesi hupungua kwa watu wengi baada ya wiki kadhaa. Choroko na dengu zilizokobolewa huleta shida kidogo kuliko maharage mazima, na huiva haraka, jambo lenye uzito kwa anayenunua mkaa au gesi ya kupikia. Makande ya mahindi na maharage, ambayo Kenya huitwa githeri, ni chakula kinachokusanya karibu kila kitu kilichotajwa katika makala hii, na inasikitisha kuona yakihesabiwa kuwa chakula cha shuleni tu.

Dona au sembe

Mahindi yanapopelekwa kwenye mashine ya kukoboa, ganda na kiini hutolewa, na pumba hutokea upande wa pili hadi kwenye magunia, ambayo baadaye huuzwa kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe. Kinachobaki kusagwa kuwa sembe ni wanga mtupu kwa sehemu kubwa. Unga wa mahindi yasiyokobolewa una takriban gramu 7 za nyuzinyuzi katika gramu 100, na wa yaliyokobolewa una takriban gramu 4 au chini ya hapo. Kwa mtu anayekula ugali mara mbili kwa siku, tofauti hiyo peke yake yaweza kufika gramu 8 au 10, bila kununua kitu kipya wala kujifunza pishi jipya. Vitamini na madini mengi, pamoja na mafuta ya kiini, huondoka na pumba hizo pia.

Hata hivyo, nyuzinyuzi za dona ni hasa zile zisizoyeyuka. Huongeza ujazo wa choo na kukisukuma, lakini bakteria hawazichachushi kwa wepesi kama za maharage. Anayekula dona bila kunde amefanya vizuri kwa choo chake, na amefanya nusu tu kwa bakteria wake.

Kuna jambo la pili ambalo mara nyingi huachwa linapopigiwa debe dona, nalo ni sumukuvu. Ukungu unaotoa aflatoksini hupenda mahindi yasiyokaushwa vizuri, na sumu hiyo hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zile zile ambazo dona huzibakiza na kukoboa huziondoa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 wakafariki kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 Tanzania nayo ilipata mlipuko katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo ushauri wangu una sharti. Dona ni bora kwa mahindi unayoyajua, yaliyokaushwa hadi punje ikiumwa inavunjika kwa mlio, yaliyochambuliwa kwa mkono na kuondolewa punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zilizotobolewa na wadudu. Kama chanzo hakijulikani na punje zina ukungu, kukoboa ni salama zaidi, na nyuzinyuzi zitafutwe kwingine. Punje zilizo na ukungu mwingi zisiliwe kabisa wala zisipewe mifugo. Dona pia lisagwe kidogo kidogo, kwa kuwa mafuta ya kiini huufanya unga kuchacha mapema kuliko sembe.

Nafaka nyingine zinapita haraka katika ulinganisho huu. Ulezi una takriban gramu 11 katika gramu 100 za unga, hivyo uji wa ulezi ni njia rahisi kwa mtu asiyependa ugali wa dona. Unga wa ngano isiyokobolewa una zaidi ya gramu 10, na ule mweupe wa chapati za kila siku haufiki gramu 3. Wali mweupe uliopikwa hauna hata gramu moja katika gramu 100, kwa hiyo anayekula wali kila siku analazimika kutegemea mboga ya pembeni, na hapo ndipo mbaazi za nazi au maharage huokoa sahani.

Ndizi mbichi, viazi na kiporo

Si wanga wote humeng'enywa. Sehemu yake, iitwayo wanga sugu, hufika utumbo mpana ikiwa nzima na kuchachushwa kama nyuzinyuzi, na bakteria huitumia kutengeneza butirati kwa wingi. Ndizi mbichi zina wanga sugu mwingi, lakini ndizi ikiiva wanga huo hugeuka sukari, na ikipikwa sehemu yake huwa rahisi kumeng'enywa. Kinachovutia ni kwamba wanga uliopikwa ukipoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa sugu tena, na kuupasha moto hakuondoi faida hiyo yote. Hivyo viazi, wali na ugali uliolala una wanga sugu zaidi kuliko ule uliotoka jikoni. Ongezeko hilo ni la gramu chache kwa sahani, kwa hiyo kiporo kisifanywe dawa. Ni nyongeza nzuri kwa anayekula kiporo tayari. Lakini wali uliokaa nje usiku kucha ni hatari, kwa sababu kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, na ambao hutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha moto. Kiporo kipozwe mapema, kifunikwe, kiwekwe mahali pa baridi, na kipashwe hadi kitoe mvuke kote.

Ndizi mbichi zilizopikwa zina sifa moja ambayo maharage na dona hazina: huweza kusaidia upande wa kuhara pia. Katika utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2001, watoto wenye kuhara kusikokoma waliopewa ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na chakula cha wali walipona haraka zaidi kuliko waliopewa wali peke yake. Maelezo yanayokubalika ni kwamba asidi zinazotengenezwa na bakteria husaidia utumbo mpana kufyonza maji na chumvi. Mtori mwepesi kwa mtoto anayetoka kuhara una sababu ya kisayansi, ingawa maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pamoja na zinki, ndiyo hubaki kuwa matibabu ya kwanza.

Matunda na mboga

Hapa watu wengi hukadiria kupita kiasi. Papai na embe, ambayo hutajwa kwanza kila choo kinapokuwa kigumu, yana chini ya gramu 2 katika gramu 100. Msaada wake unatokana zaidi na maji na wingi wa kinacholiwa. Mchicha na matembele yana takriban gramu 2 hadi 3. Mapera yana zaidi ya gramu 5, na parachichi linakaribia gramu 7, likiwa karibu sawa na maharage. Ubuyu na bamia vina nyuzinyuzi zinazoyeyuka na kutengeneza ute, ambazo bakteria huzipenda. Matunda yaliyokamuliwa na kuchujwa kuwa juisi huacha sehemu kubwa ya nyuzinyuzi kwenye chujio, na sukari yake huingia haraka, hivyo kwa mwenye kisukari chungwa lililomenywa na kuliwa na ngozi yake nyeupe halifanani kabisa na glasi ya juisi ya machungwa manne.

Isapgoli na pumba za ngano

Isapgoli ni maganda ya mbegu za mmea wa jamii ya psyllium. Ikitiwa maji huvimba na kuwa kama rojo ndani ya dakika chache, na sifa hiyo hubaki hadi mwisho wa utumbo, kwa sababu bakteria hawawezi kuichachusha isipokuwa kidogo tu. Kwa hiyo hushika maji ndani ya choo, hulainisha kilicho kigumu, na hata hushikamanisha kilicho chepesi. Ute huo pia hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na hushusha kolesteroli kwa kiasi kinachopimika. Haileti gesi nyingi, lakini kwa sababu hiyo hiyo haiwalishi bakteria, na mtu anayekunywa isapgoli kila siku huku akila mkate mweupe na soda asidhani amefidia maharage.

Pumba za ngano hufanya kazi kwa njia nyingine: chembe zake kubwa husugua ukuta wa utumbo, nao hutoa maji na ute. Zikisagwa laini sana huipoteza nguvu hiyo, na zinaweza hata kukausha choo. Kwa mtu mwenye tumbo linalouma na kubadilika-badilika bila kidonda wala maambukizi, tofauti kati ya viwili hivi imepimwa. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2009 uliwagawa wagonjwa 275 wa aina hiyo katika makundi matatu. Waliopewa isapgoli walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa unga usio na dawa, na waliopewa pumba hawakupata faida ya kutosha, na baadhi yao waliacha kwa kuwa dalili zilizidi. Mwenye tumbo la namna hiyo asianze na dona wala maharage mengi. Aanze na nusu kijiko cha chai cha isapgoli katika glasi kamili ya maji, akiongeza taratibu.

Isapgoli isimezwe kavu hata mara moja, kwa kuwa huweza kuvimba na kuziba koo, na dawa nyingine zitenganishwe nayo kwa saa mbili hivi.

Na mtindi, togwa na maziwa mala?

Wengi huuliza kama vyakula vilivyochachushwa vinaweza kuchukua nafasi ya nyuzinyuzi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2021 uliwaweka watu wazima 36 katika makundi mawili kwa wiki 10, moja likila nyuzinyuzi nyingi na jingine vyakula vilivyochachushwa. La pili lilipata ongezeko la aina za bakteria na kupungua kwa viashiria vingi vya uvimbe. La kwanza halikuonyesha ongezeko la aina za bakteria kwa wastani, ingawa bakteria waliokuwapo walionekana kuongeza uwezo wa kuvunja nyuzinyuzi. Tafsiri yangu ni kwamba wiki 10 hazitoshi kurejesha bakteria waliokwisha kupotea kwa mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwalisha, na kwamba vyakula hivi viwili vinasaidiana. Togwa isiyochujwa inayo faida ya kubeba vyote, nafaka na uchachu. Uchunguzi wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1999 uliona bakteria wachache zaidi wa maradhi katika choo cha watoto waliopewa togwa mara kwa mara.

Kuchagua

Hesabu ya sahani moja inaonyesha uzito wa kila uchaguzi. Mtu mzima anayekula kwa siku ugali wa gramu 150 za unga wa dona anapata takriban gramu 10. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa huongeza kama gramu 12, na sasa yuko 22. Nusu ya parachichi kubwa na fungu la mchicha humvusha gramu 28. Jirani yake anayekula sembe ya uzito ule ule, nyama ya kukaanga, kachumbari kidogo na soda hazidi gramu 8 hivi, na akiamua kubadili kitu kimoja tu, kubadili nyama kwa kikombe cha maharage kwa siku nne za wiki kutamsaidia kuliko kubadili sembe kwa dona. Akiweza vyote viwili, vizuri zaidi.

Kwa mwenye choo kigumu na maji ya kutosha mwilini, isapgoli kwa wiki mbili huku akiongeza dona na parachichi ni mpango unaofaa, kisha chakula kichukue nafasi. Kwa mwenye kisukari, maharage, choroko na dengu badala ya sehemu ya wanga hutangulia kila kitu, kwa sababu hapunguzi tu kasi ya sukari bali pia anapunguza kiasi cha ugali au wali anaokula. Kwa mama anayelisha mtoto wa chini ya miaka miwili, nyuzinyuzi zisiwe lengo: tumbo lake ni dogo, na uji mzito wa pumba humshibisha kabla hajapata nishati na protini anazohitaji. Kwa mwenye upungufu wa damu, faitati, yaani kemikali za asili zilizomo katika nafaka zisizokobolewa na kunde, huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, hivyo nafaka ziloweshwe au zichachushwe kwanza, mlo uwe na tunda lenye vitamini C kama pera au chungwa, na chai iachwe kwa saa moja au mbili baada ya kula.

Mabadiliko yafanywe moja moja, wiki moja au mbili kwa kila moja, na maji yaongezwe pamoja nayo, kwa maana nyuzinyuzi bila maji huweza kukifanya choo kiwe kigumu zaidi. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa utumbo, mwenye utumbo uliosinyaa, au mwenye maradhi ya uvimbe wa utumbo yaliyochachamaa, asiongeze chochote kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na yeyote anayeona damu kwenye choo, anayepungua uzito bila sababu, au ambaye utaratibu wake wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa akiwa amevuka miaka 40, aende kupimwa kwanza, chakula kifuate baadaye.